Barua ya wazi kwa vijana wa kesha: mjomba tulimzika bila ninyi

Wanangu, Bwana asifiwe.

Barua hii naiandika nikiwa na hasira. Mke wangu aliniambia ningoje zipoe kwanza. Nimengoja wiki tatu na hazijapoa, basi naandika nazo hivyo hivyo, na atakayeungua anisamehe.

Wengi wenu mnanijua. Ni mimi fundi wa barazani, hapa Kisauni, si mbali na Kengeleni, mwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Sare zenu za shule nilizishona mimi, nikaziachia pindo refu ili mwaka wa pili mama zenu wazirudishe nizifungue. Najua nani kati yenu alivaa kaptura ya kaka yake hadi darasa la nane. Kwa hiyo nisomeni kama mtu aliyewapima kiuno mkiwa mnalia, msinisome kama mzee wa kanisa wa kiti cha mbele.

Alhamisi ile, kabla ya adhana ya alfajiri, mjomba wa mmoja wenu alifariki. Simtaji jina, si mjomba wala mpwa. Ninyi mnamjua, na mwenyewe anajijua. Marehemu alikuwa Mwislamu, Mdigo wa Mtongwe aliyehamia upande huu kutafuta riziki, na riziki yake ilikuwa mkokoteni wa maji. Mnajua mji wetu ulivyo, mifereji hukauka wiki nzima na hakuna anayekuambia kwa nini. Yeye ndiye aliyekuwa akituletea mitungi ya lita 20, asubuhi na mapema, akipiga mluzi kwenye kona ili watu wampishe. Kwa mitungi hiyo alimlea mpwa wake tangu ana miaka minne, baba wa mtoto alipoondoka asirudi. Karo ilitoka kwenye mkokoteni. Hata sare ilitoka humo humo: alinilipa kwa maji, mitungi miwili kila asubuhi, muhula mzima.

Kijana alipookoka akiwa kidato cha tatu, watu walimwendea mjomba wakamwambia, huyo mtoto ameshakupotea. Nilikuwepo, nilikuwa nikimpunguzia suruali. Akawajibu, "Mradi asiwe mwizi. Mimi nitaulizwa kama nilimlisha." Akachukua suruali yake akaenda.

Tena niwakumbushe, maana wengine mlikuwa wadogo. Machi 2014 watu waliuawa kwa risasi wakiwa ibadani kule Likoni. Miaka miwili kabla yake, Agosti 2012, makanisa yalichomwa mjini humu. Jumapili iliyofuata yale mauaji ya Likoni watu wengi hawakuja kanisani, na sisi tuliokuja tulikaa tukitazama mlango kuliko madhabahu. Nilipotoka nje nikamkuta huyu mzee ameegesha mkokoteni wake langoni, amekaa juu ya mtungi mtupu. Nikamuuliza, unauza maji hapa? Akasema, "Leo siuzi." Alikaa hivyo Jumapili tatu. Hakuna aliyemtuma.

Basi ndiye aliyefariki.

Kwa Wadigo, mjomba si jamaa wa pembeni. Hapo kale hata urithi ulipitia kwake, mali ikitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Akifa mjomba, anayetafutwa kwanza ni mpwa. Na kijana alitafutwa. Simu yake ilipigwa tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Ilikuwa imezimwa, imo ndani ya karai la plastiki pamoja na simu zenu wote, kwenye mlango wa ukumbi wa kesha, siku ya pili katika siku tatu za maombi. Alitumwa mtu wa bodaboda mpaka mlangoni, akaambiwa na mlinzi wa zamu kwamba watu wako rohoni, hawaitwi.

Maziko ya Kiislamu hayangoji mtu. Mimi ndiye niliyetumwa Biashara Street kununua bafta ya sanda, kwa kuwa walisema fundi ndiye ajuaye kitambaa. Tukavuka feri na maiti. Mtongwe nilivua viatu nikasimama nyuma ya safu walipokuwa wakimsalia, kisha nikaingia kupokea jeneza pamoja na wengine. Anayejua anajua linavyobebwa: haliendi polepole, linapita bega kwa bega, kila mtu anajisukuma apate hatua zake chache. Nami nilipata zangu. Miaka 72 hii, mgongo wa kuinamia cherehani, nilizipata.

Tulipofika kaburini, mzee mmoja aliyekuwa ameshashuka kupokea maiti akainua kichwa. Akauliza, "Mtoto wake yuko wapi? Na ashuke." Watu wakatazamana. Yule mzee akangoja, mikono yake imenyooka juu namna ile, ana udongo mpaka kwenye viwiko. Mwisho akashuka jirani, muuza kahawa.

Jumapili baada ya ibada kijana akapita barazani kwangu. Nikampa mkono wa pole. Akanijibu bila kupepesa jicho: "Babu, Bwana alisema waache wafu wazike wafu wao."

Nilikuwa na mkasi mkononi. Niliuweka chini.

Neno hilo limo, Luka 9:60, wala sikatai. Ni gumu, na sitajifanya kwamba nimelielewa lote. Lakini aliyelisema ndiye aliyelia kaburini kwa Lazaro huku watu wakimtazama. Ndiye aliyetundikwa msalabani, anakata roho, akamwona mama yake amesimama pale chini, akampangia nyumba ya kukaa kabla hajafa. Someni Yohana 19. Mtu mwenye misumari mikononi alipata nafasi ya kufikiria mama atalala wapi, ninyi mwasema hamkupata nafasi kwa sababu simu imo ndani ya karai.

Na katika Marko 7 aliwakemea watu wa namna hii hii. Walikuwa na mtindo: mtu akiwa na kitu ambacho kingewafaa wazazi wake, anasema ni Korbani, maana yake wakfu, kimeshatolewa kwa Mungu, basi baba na mama wasikiguse. Bwana akawaambia kwamba wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Makesha yenu nimeyahudhuria mawili matatu, ngoma nzuri, maombi ya moto, na Luka 9 nimeisikia humo kila mara. Marko 7 sijaisikia hata siku moja. Nani anawachagulia masomo?

Mtaniambia Petro aliacha vyote akamfuata. Sawa. Lakini Bwana alipoingia nyumbani kwa huyo Petro, alimkuta nani kitandani ana homa? Mama mkwe. Mtu aliyeacha vyote, mama mkwe bado yumo nyumbani mwake, na Bwana hakuuliza huyu anafanya nini hapa, alimshika mkono akamwinua. Na miaka mingi baadaye Paulo anaandika kwamba Kefa, yaani Petro huyo huyo, husafiri na mkewe. Ni nyavu zilizobaki ufukweni. Watu wake alikuwa nao.

Kwa kuwa tuko Kengeleni, acheni niwaambie la Kengeleni. Ile kengele mnayoipita kila siku kwenye tuktuk, wengine mkidhani ni pambo la barabara, ni ya Frere Town, mji ambao wamishonari wa Kianglikana waliuanzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Walitolewa kwenye majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza: Wayao, Wamakua, Wanyasa, wengi wao watoto. Upande wa Rabai, William Jones, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa na akasomeshwa kule Nasik, India, alikuwa akiwahifadhi watoro waliokimbia mabwana zao. Watu hao hawakuwa na mjomba. Hawakuwa na shangazi wala kaburi la babu. Kanisa likawa ukoo wao kwa sababu ukoo wao ulikuwa umekatwa kwa panga na kamba.

Mama yake babu yangu alikuwa mmoja wao. Aliletwa akiwa mtoto wa kubebwa begani. Alibatizwa hapa, akaolewa hapa, akaimba kwenye kwaya mpaka meno yakamtoka. Alikufa akiwa analikumbuka jina la mama yake na jina la mto uliopita karibu na kwao, na hakuna mtu wala ramani iliyowahi kumwonyesha mto huo uko wapi. Babu yangu alisema kila Krismasi bibi huyo alikuwa akiweka sahani moja ya ziada mkekani, akiulizwa ni ya nani, hajibu.

Yeye alinyang'anywa watu wake. Ninyi wenu mnao, wako umbali wa shilingi 50 za matatu, na mnawazimia simu.

Msidhani nawatazama kutoka juu ya mnara. Mimi niliokoka 1981, uwanja wa Tononoka, kwenye mkutano wa hadhara, nikiwa mnywaji wa mnazi anayejulikana mtaa mzima. Nikashika wokovu kwa mikono miwili na meno. Jumatatu maombi, Jumatano mafundisho, Ijumaa kesha, Jumamosi kwenda kushuhudia Kongowea sokoni, Jumapili kutwa. Cherehani ikapata vumbi. Nikaacha kula kwa mama kwa sababu kuku wa mama alichinjwa na jirani Mwislamu. Mama yangu! Mwanamke aliyenizaa, nikamrudishia sahani.

Mke wangu alivumilia kama mwaka hivi. Usiku mmoja narudi nikamkuta ameketi mlangoni, taa ya chemni imeshusha utambi. Akaniambia, "Ulipokuwa ukinywa mnazi ulikuwa ukirudi saa nne, ukaniimbia. Sasa umeokoka, warudi saa nane, na hata salamu hunipi." Nikaenda kumshtaki kwa mchungaji wetu wa wakati ule, kwamba shetani anamtumia mke wangu. Mchungaji alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Paa lako bado linavuja?" Nilikuwa naishi nyumba ya makuti, na kweli lilikuwa likivuja juu ya kitanda. Akasema, "Nenda kalitengeneze. Wiki mbili sitaki kukuona kwenye maombi."

Nilitukanika, sitawadanganya. Lakini nikaenda nikanunua makuti. Siku ya tatu nikiwa juu ya paa, mke wangu ananipandishia makuti kutoka chini, alianza kuimba pambio mwenyewe, lile tulilokuwa tukiimba kwenye kesha, ambalo sikujua hata kama analijua. Alikuwa amelisikia kwangu. Hakuwa ameokoka bado. Aliokoka miaka minne baadaye, na hakuna mahubiri yangu yaliyochangia. Nimemuuliza, akasema ni paa. Mtume Petro aliwaandikia wake kwamba waume wasioliamini Neno wavutwe kwa mwenendo wao, pasipo lile Neno. Kwangu mimi hilo limegeuka, limekuwa la waume.

Mtu aliyekuwa na pepo kule Gerasi aliomba apande chombo aende na Yesu. Ombi zuri kabisa, nani angelikataa? Akakataliwa. Akaambiwa, "Enenda zako nyumbani kwako, kwa watu wa kwenu." Nadhani hilo ndilo agizo gumu kuliko kwenda misheni. Kwa watu wa kwenu wanajua ulivyokuwa, wanakudai, na wanakumbuka siku uliyoiba redio.

Sasa kazi, maana nako kuna mambo. Mwaka huu peke yake vijana watatu wa ushirika wenu wameacha kazi kwa sababu "wameitwa". Mmoja alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Jamani! Tangu reli mpya ianze 2017, na mizigo ikaja ikaamriwa ipandishwe moja kwa moja hadi Nairobi, madereva wangapi, matanboi wao wangapi, wale wasaidizi wa lori, makarani wangapi wa mji huu walibaki wanahesabu matatu kijiweni? Wewe umebahatika una meza na kiti na kiyoyozi, unaviacha, halafu mama yako muuza mahamri ndiye anayekulipia nyumba. Ukiulizwa unasema unaishi kwa imani. Unaishi kwa mahamri.

Watoza ushuru walimwendea Yohana Mbatizaji wakamuuliza tufanye nini. Kama ni kazi chafu, hakuna iliyozidi ile. Hakuwaambia waache. Aliwaambia, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Askari nao aliwaambia wasidhulumu mtu, watosheke na mishahara yao. Mkaribie karani wa bandarini mwulize kama neno hilo halimtoshi kwa maisha yote. Kubaki pale mezani bila kupokea bahasha, kila siku, ukichekwa, hiyo ni funga ndefu kuliko siku zenu tatu. Na Paulo huyo mnayemtaja, Korintho alikuwa akishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Fundi mwenzangu. Vidole vyake vilichomwa sindano kama hivi vyangu.

Hapa lazima niseme langu, nisije nikawa mnafiki. Sisi mafundi wa nguo tuna uongo wetu, na kila mtu wa Mombasa anaujua: "njoo kesho". Mteja akija siku ya ahadi, nguo haijakatwa hata, unamwambia ninamalizia vifungo tu, njoo kesho. Kuacha mnazi kulinichukua siku moja. Kuacha "njoo kesho" kumenichukua miaka arobaini na zaidi na sijamaliza. Pale ndipo imani yangu inapopimwa, kwenye kidaftari cha tarehe, kuliko mahali popote pengine. "Maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo." Mstari huo nimeubandika ukutani juu ya cherehani, na bado naketi chini yake nikidanganya watu kuhusu vifungo.

Huyu mjomba aliniletea kanzu wiki mbili kabla hajafa. Kazi ndogo, kukata urefu na kupiga pindo, maana alikuwa amekonda na kanzu ilikuwa inaburura. Akasema ni ya Ijumaa. Ijumaa akaja, nikamwambia njoo kesho. Akaja Jumamosi, nikamwambia nina sare za kwaya, njoo Jumatatu. Akacheka, akasema, "Fundi, wewe na Mungu wako mna kalenda yenu." Alhamisi iliyofuata akafa. Niliipiga pindo usiku ule niliporudi kutoka maziko, kwa taa ya simu kwa sababu stima ilikuwa imepotea, na mke wangu hakuniuliza kitu.

Nawaambia haya mjue ninaposema na ninyi nasema pia na mimi.

Lakini kosa si lenu peke yenu, na hasira zangu nyingine nimewawekea wakubwa. Kuna wahubiri wanaopenda kijana asiye na watu. Kijana mwenye mama atauliza mama yake kabla hajatuma "mbegu" kwa M-Pesa. Kijana mwenye mjomba atavutwa sikio. Kwa hiyo kwanza wanakutenga: baba yako ana roho ya ukoo, bibi yako ni mchawi, rafiki zako ni wa dunia. Ukishabaki peke yako, wewe na yeye, ndipo anapokuwa baba. Mmesahau Shakahola mara hii? Ni hapa hapa Kilifi, mwendo wa saa chache. Mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 katika msitu ule, ya watu walioambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wafe, watoto wengi miongoni mwao. Haikuanza na njaa. Ilianza na watu kuambiwa shule ni ya shetani, hospitali ni ya shetani, kazi iacheni, jamaa zenu waacheni. Njaa ilikuja mwisho, wakati hakukuwa na mjomba karibu wa kuvunja mlango. Kila nikiona karai la simu mlangoni nasikia baridi, mniwie radhi.

Na sisi wazee? Tumejenga ukuta wa kanisa, tumenunua vipaza sauti, lakini kijana akikosa kazi hatuna la kumwambia ila "tutakuombea". Baba zenu wengine hawajulikani waliko. Mkienda kesha mnapata mtu anayewaita kwa majina na kuwashika bega. Nalijua hilo. Ndiyo maana sisemi msiende kesha.

Kuna suala la maziko na sherehe za jamaa wa imani nyingine, wengi mmeniuliza. Naamani Mshami alipomjua Mungu wa Israeli alikuwa na shida hii hii: kazi yake ilimpeleka nyumba ya Rimoni, bwana wake akiinama ameegemea mkono wake, naye analazimika kuinama. Akamweleza Elisha. Nabii, ambaye dubu walitoka mwituni kwa neno lake, alimjibu maneno mawili matatu tu: "Enenda kwa amani." Hakumpa orodha ya masharti. Hivyo ukienda hitima, vua viatu, kaa mkekani, kula pilau, nyamaza wakati wa dua. Mungu wako hatakupoteza katikati ya watu ishirini wanaosoma.

Walio na waume au wake wasioamini: someni 1 Wakorintho 7, yote, msirukeruke. Kama yuko radhi kukaa nawe, usimwache. Lakini nisikizeni vizuri, mabinti hasa. Sisemi kaa upigwe. Mtume huyo huyo, baada ya kusema kila mtu akae katika hali aliyoitwa nayo, anamwambia mtumwa kwamba akiweza kuwa huru, afadhali awe huru. Mama yake babu yangu hangekuwa mtu kama wale wazungu wangesema abaki ndani ya jahazi kwa kuwa ndipo wokovu ulipomkuta. Mume akiinua mkono, toka, njoo nyumbani kwangu, chumba cha uani kipo, na anayekuambia urudi ukaombe mlete kwangu pia.

Mengine nayataja tu. Lipeni madeni ya dukani kabla ya sadaka. Kipaza sauti cha kesha kizimwe saa nne usiku. Jirani ana mtoto mchanga na zamu ya alfajiri. Msiwaite ndugu zenu "mataifa". Anayekaa kwa dada yake aoshe vyombo. Msibadilishe namba ya simu kila mnapopata mchungaji mpya. Mwislamu akikupa salamu, itikia salamu.

Nakugeukia sasa wewe mpwa, maana wenzako wataisoma hii na watajua ni wewe, na hilo ndilo lililonichelewesha wiki tatu, si hasira peke yake.

Kijana wangu, sidhani humpendi mjomba wako. Nilikuona ulipofika barazani, ulikuwa umeshika nguzo. Nadhani uliposema lile neno la wafu ulikuwa umelala nalo usiku kucha ukijifunika, na kitambaa kilikuwa kifupi. Mama yako hajasema neno baya juu yako. Mke wa marehemu yuko eda, hatoki, lakini kina mama wanaingia kwake na anauliza kila mmoja kama wewe unakula. Hajauliza ulikuwa wapi.

Arobaini ni baada ya siku kumi na tisa kuanzia leo. Watasoma hitima Mtongwe, kwenye uwanja wa nyumba ya kwao. Wanahitaji mtu wa kuteka maji ya pilau, maana aliyekuwa akiteka ndiye anayesomewa. Mkokoteni uko kwa muuza kahawa, gurudumu la kulia linataka kutiwa pumzi. Nimeshamwambia utaufuata.

Na kanzu iko kwangu, imepigwa pasi, imetundikwa nyuma ya mlango ndani ya mfuko wa nailoni. Ni pana kwako mabegani lakini urefu unakufaa, nimekupima kwa macho. Nafungua saa mbili.